Hukmu Yetu Juu ya Wanenguaji wa Video za Muziki

(Maelezo ya darsa lililotolewa kwa waumini baada ya sala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni zake Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika imani, mada ya leo hatukuichagua sisi, imetufuata mlangoni. Katika darsa la wiki mbili zilizopita tulizungumzia maovu yanayoingia majumbani mwetu kwa njia ya televisheni na simu, na tulisema maneno makali juu ya wanawake wanaonengua katika video za hip-hop. Tuliwaita kwa jina ambalo leo hatutalirudia. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali, na baadhi ya vijana walicheka. Tulipokuwa tukivaa viatu, bibi mmoja alikuwa akitungoja upande wa mlango wa akina mama. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu ustadh, yule uliyemsema ni mjukuu wangu. Hukumtaja jina, lakini nusu ya waliokuwamo wamemjua. Alicheza video moja huko mjini, siku moja tu, akarudi. Nami nakuuliza: hao vijana waliocheka, wamemjulia wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema Insha-Allah tutalitazama, tukaondoka. Tangu siku hiyo swali la bibi yule halijatutoka, na darsa la leo ni deni lake.

Kwanza tuondoe shaka. Hatukuja kuhalalisha. Kudhihirisha maungo mbele ya wasio maharimu ni haramu, na unenguaji ule hatujui dhehebu lililoupa ruhusa. Aliyekuja kutafuta fatwa ya kuruhusu amebisha mlango usio wake. Suala letu ni jingine. Video ile ina mtu anayenengua, ina mtu aliyemlipa anengue, ina kampuni inayouza na kituo kinachorusha, tena ina mtu aliyekaa anatazama. Haramu ni moja na washiriki ni wengi. Kwa nini basi hukmu imshukie mmoja tu, naye ndiye aliyepata sehemu ndogo kabisa ya faida?

Tuanzie lilikotoka jambo lenyewe, yaani Marekani, kwa sababu si mtindo wa video tu tulioupokea kutoka huko, bali pia namna ya kuwahukumu wanaoonekana ndani yake. Kituo cha BET, kilichokusudiwa watazamaji weusi, kilianza mwaka 1980, na MTV ikafuata mwaka 1981. Hip-hop ilipokuwa biashara kubwa katika miaka ya 1990, ilienea sura moja ya video ambayo kila mmoja wetu anaijua hata kama hataki kukiri: mwanamume aliyevaa nguo zake kamili, pengine na koti zito na miwani ya jua, amezungukwa na wanawake waliovaa vitambaa viwili vya kuogelea. Mwanamume ana jina, ana maneno, wimbo ni wake. Wanawake hawana jina wala hawatamki neno. Wimbo ukiuzwa, anayeendelea kupata ni yeye na kampuni yake. Mnenguaji hulipwa ujira wa siku na kurudi kwao. Ilikuwa mwaka 2012 ndipo chama cha wasanii cha SAG-AFTRA kilipofikia mkataba wa kwanza na makampuni makubwa ya muziki kwa ajili ya wacheza dansi wa video, zaidi ya miaka 30 tangu MTV ianze.

Mwaka 2003 mwimbaji Nelly alitoa video ya wimbo uitwao "Tip Drill", iliyoonyeshwa usiku wa manane katika kipindi cha BET kilichoitwa Uncut. Ndani yake mwanamume anapitisha kadi ya benki katika makalio ya mwanamke, kama muuza duka anavyoipitisha kwenye mashine yake. Tunayasema haya kwa kuona haya, na tunayasema kwa sababu bila hayo hamtafahamu hasira iliyofuata. (Na kabla hatujaulizwa swali la bibi yule: sisi tumeyasoma, picha yenyewe hatukuitafuta.)

Aprili 2004 taasisi ya mwimbaji huyo ilikuwa iende Chuo cha Spelman, mjini Atlanta, chuo cha wanawake weusi kilichoanzishwa mwaka 1881, kutafuta watu wa kujitolea uboho, kwani dada yake alikuwa na saratani ya damu. Hiyo ilikuwa kheri, na wanafunzi hawakuipinga kheri. Walisema: uje, lakini ukae nasi utujibu kuhusu video ile. Taasisi ikaifuta shughuli hiyo. Mwaka 2005 dada yake alifariki. Jambo hili lina uchungu pande zote mbili, na hatupendi kuona linafanyiwa kejeli.

Katika majadiliano yaliyofuata ilirudiwa hoja ambayo hata kwenye baraza zetu tunaisikia: wanawake wale walijipeleka wenyewe, hakuna aliyewafunga kamba, basi lawama ni yao. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mtu mzima mwenye akili atajibu mbele ya Mola wake kwa alichokitenda. Lakini tazameni nani anayeipenda hoja hiyo. Anaipenda aliyelipa, na anaipenda aliyetazama, kwa sababu inawatoa wote wawili barazani na kumwacha mwanamke peke yake.

Sasa turudi Madina. Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, alikuwa na vijakazi, naye akiwatuma kwenye uchafu ili wamletee fedha. Kwa ajili ya kisa hicho iliteremka aya ya 33 ya Suratun Nur, kama alivyopokea Imam Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.). Katika aya hiyo makatazo yanaelekezwa kwa mwenye kupata fedha, na kutamaa kwake pato la dunia kunatajwa waziwazi. Ama wale walioshurutishwa, mwisho wa aya unataja maghfira na rehema, na wafasiri wengi wamesema maghfira hayo ni ya vijakazi, si ya bwana wao. Hatusemi mnenguaji wa Atlanta au wa Dar es Salaam ni kijakazi. Ametia saini mwenyewe. Tunasema kwamba ilipokuwapo biashara ya miili, wahyi ulimtazama kwanza mwenye mfuko. Sisi macho yetu yanakimbilia wapi kwanza?

Tena hiyo hiari yenyewe haiko wazi kila mara. Mwaka 2005 mwanamke aitwaye Karrine Steffans, aliyekuwa akionekana katika video hizo, alitoa kitabu cha maisha yake, Confessions of a Video Vixen. Ameeleza humo kupigwa utotoni, kunajisiwa akiwa msichana mdogo, kukimbia nyumbani, na kisha kuingia katika dunia ya wasanii. Kitabu kiliuzwa sana. Alikuwa amewataja wanaume mashuhuri aliokuwa nao, na hapa pana la kuzingatia: matusi yaliangukia kwake, ilhali wanaume wale waliendelea na kazi zao. Mtu anaweza kumlaumu kwa kufichua aibu yake na za wenziwe, nasi katika dini yetu hatupendi mtu azitangaze dhambi ambazo Allah amemsitiria. Lakini dhambi ya watu wawili haiwi ya mmoja kwa sababu yeye ndiye aliyeisimulia.

Byron Hurt, mwanamume mweusi wa Kimarekani, alitoa filamu ya kweli mwaka 2006 iitwayo Hip-Hop: Beyond Beats and Rhymes. Alikwenda Daytona Beach, kwenye tamasha la vijana ufukweni, akakuta wanaume wakiwashika wanawake waliovaa nguo za kuogelea. Akawauliza wanaume, nao wakajitetea kwa mavazi ya wale wanawake. Akawauliza wanawake kuhusu matusi ya nyimbo, wakajibu kwamba nyimbo zile haziwasemi wao, zinawasema wengine. Kila mwanamke alikuwa na mwanamke mwingine wa kumwachia tusi. Hata kwetu mambo ni hayo hayo. Mama anamwita binti wa jirani muuza nyago, akiamini kwamba neno hilo litakoma kwenye ukuta wa jirani.

Lakini halikomi. Aprili 2007 mtangazaji wa redio Don Imus aliwatukana hewani wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Rutgers kwa tusi la kimalaya. Wasichana wale walikuwa wanafunzi na wanamichezo waliotoka kucheza fainali ya vyuo. Hapakuwa na video wala ngoma. Aliachishwa kazi, na katika kujitetea aliashiria kwamba maneno hayo yalitoka kwa wanamuziki weusi wenyewe. Septemba mwaka huo kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani iliwaita wakuu wa Viacom, Universal na Warner waulizwe kuhusu picha na maneno ya kudhalilisha. Hilo angalau tunawasifu kwalo: waliitwa wenye mfuko. Kabla ya hapo, jarida la wanawake weusi la Essence lilikuwa limeanzisha kampeni ya mwaka mzima, 2005, juu ya jambo hilo hilo. Sisi tuna misikiti na madrasa ngapi, na ni lini tulimwandikia barua mwenye kituo cha televisheni, au tulikwenda kuzungumza na mwenye studio? Tumeona wepesi wa kumsema binti, kwa kuwa binti hana wakili.

Tuje kwa mtazamaji. Katika Hija ya kuaga, mwanamke wa kabila la Khath'am alimjia Mtume (s.a.w.) kumuuliza mas-ala. Al-Fadhl bin Abbas (r.a.), kijana mzuri wa sura, alikuwa nyuma ya Mtume juu ya kipando, akawa anamtazama yule mwanamke. Hadithi hii ipo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliugeuza uso wa al-Fadhl kwa mkono wake, na yule mwanamke akajibiwa suala lake. Na katika Suratun Nur aya ya wanaume kuinamisha macho, ya 30, imetangulia aya ya wanawake, ya 31. Mara ngapi mmesikia khutba ikianza na ya 31, na ya 30 ikasahauliwa? Nasi tumo katika hao wakhatibu, hatujitoi.

Limebaki jambo la ulimi, ambalo ni zito kuliko mnavyodhani. Kucheza nusu uchi ni dhambi. Zinaa ni dhambi nyingine. Anayeiona ya kwanza hana ruhusa ya kushuhudia ya pili. Aya ya 4 ya sura hiyo hiyo inamtaka anayewatuhumu wanawake watahirifu alete mashahidi wanne; akishindwa, ni viboko 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Mwanafunzi mmoja alituuliza: je, hata kwa mwanamke wa Kimarekani asiye Muislamu? Jumhuri ya wanavyuoni wameishurutisha hadd hiyo kwa anayetuhumiwa kuwa ni Muislamu, lakini anayemsingizia asiye Muislamu anatiwa adabu na kadhi kwa kiasi anachoona kinafaa. Ama kwa mjukuu wa bibi yetu, anayesali na kufunga, hakuna hata nafasi ya kuuliza. Neno tulilolitumia siku ile, kama mtu angelisimamisha mbele ya kadhi akadai kuwa tumemkusudia yeye, tungetafuta wapi mashahidi wanne? Tungesema tumeona video? Video ilionyesha dansi.

Zaidi ya hayo, hata yule ambaye zinaa imethibiti kwake, Mtume (s.a.w.) alipoamuru kijakazi mzinifu apigwe hadd, alikataza asisimangwe baada yake. Hukmu ina mpaka wake, ikishatimia imekwisha. Binti huyu hakufikishwa kwa kadhi wala hakuthibitishiwa kitu, naye anasimangwa kisimani, dukani na kwenye harusi, mwaka wa pili sasa. Posa moja imeshavunjika. Aliyeivunja, tumeambiwa, alioneshwa ile video na rafiki yake, na rafiki yake alikuwa ameihifadhi katika simu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda nyumbani kwa bibi yule kumtaka radhi. Alitukaribisha chai. Tulimwomba atuitie mjukuu wake tumtake radhi naye, akasema hatatoka. Tangu siku ya darsa lile hapendi kuonekana na watu wa msikitini. Tukamwachia salamu. Wawili kati ya vijana waliocheka wametujia wenyewe na kufuta ile video mbele yetu. Wengine wamo humu leo, na hatuwatazami ili wasijulikane. Bibi naye yupo nyuma ya pazia, amekuja kusikia kama tutayasema hadharani kama tulivyoyasema ya kwanza.

Tumeyasema. Muadhini amesimama, Magharibi imekaribia. Wabillahi tawfiq.