Krismasi Mbugani: Safari ya Siku Moja Buffalo Springs



Mazungumzo haya yanahusu siku moja tu ya likizo ya Desemba. Ni siku ambayo familia ya Isiolo inaweza kuingia mbuga ya Buffalo Springs, ikaona kilichomo, ikarudi nyumbani salama, na pesa za karo ya Januari zikabaki zilipokuwa.

Kila mwaka msimu huu ukifika, wazazi wenye uwezo huwapeleka watoto Nairobi kwenye bembea za umeme na mabwawa ya kuogelea. Hakuna ubaya. Lakini ni karibu kilomita 280 kwenda tu, nauli hupanda wiki ya Krismasi, na mtoto akifika hushinda kwenye foleni. Wakati huohuo magari ya watalii hukatiza mjini Isiolo yakielekea kaskazini, yamebeba watu waliovuka bahari ili waone mahali ambapo mtoto wa Bulapesa au Kulamawe hajawahi kukanyaga. Kutoka mjini hadi huko ni lami tupu na ni mwendo wa chini ya saa moja.

Jambo hili si la starehe peke yake. Kwa watoto wengi wa kaunti hii, ndovu ni mnyama wa kutajwa usiku, yule anayevunja tangi la maji au kumzuia mtu njia ya kisimani. Fisi ni yule aliyechukua mbuzi. Hayo ni kweli, na hakuna anayewaambia wafugaji wayasahau. Lakini mtoto asiyemjua ndovu ila kwa hasara atakuwa mtu mzima bila kuelewa kwa nini mbuga hii ipo, wala mapato yake yanaenda wapi. Buffalo Springs na Shaba ziko chini ya Serikali ya Kaunti ya Isiolo, na ada inayolipwa langoni ni sehemu kubwa ya mapato ambayo kaunti hukusanya yenyewe. Mbuga ya Samburu, iliyo ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro, iko chini ya kaunti jirani ya Samburu.

Kinachowashinda wengi ni gari. Pikipiki haingii mbugani, wala mtu hatembei kwa miguu humo. Basi lazima gari lipatikane, na hapo ndipo pesa nyingi huenda. Dawa yake ni ujirani: nyumba mbili au tatu zichange, zikodi gari moja la juu lenye dereva aliyewahi kuingia mbugani. Bei ikubaliwe mapema, katikati ya Desemba kabla magari hayajaadimika, na iulizwe waziwazi kama inajumuisha mafuta, chakula cha dereva na ada ya gari lenyewe, maana gari hulipiwa mbali na watu. Ugomvi mwingi wa langoni huanzia hapo. Gari la viti saba libebe watu saba. Mtoto wa nane anayekaa mapajani ndiye atakayesimama dirishani gari likirushwa na shimo.

Raia wa Kenya hulipa ada ya chini sana kuliko mgeni wa nje, na watoto hulipa chini ya watu wazima. Lakini karani wa langoni hamjui mtu kwa sura. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, na kijana mrefu ambaye bado ni mwanafunzi abebe kadi ya shule au nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kiasi cha ada na namna ya kulipa kiulizwe katika ofisi ya utalii ya kaunti siku chache kabla ya safari. Kugundua mbele ya lango kwamba simu haina salio la kutosha, watoto sita wakiwa wamekaza macho, ni aibu inayoweza kuepukwa.

Siku gani? Familia za Kikristo zitakuwa kanisani tarehe 25, na nyumba nyingi siku hiyo hujaa wageni. Tarehe 27 hadi 30 zinafaa zaidi. Familia za Kiislamu, ambazo nazo zina watoto walio likizoni, zitaikwepa Ijumaa kwa ajili ya sala. Kuhusu saa hakuna majadiliano: alfajiri. Isiolo ni joto, na wanyama wanalijua hilo kuliko watu. Kufika saa tano mchana wakati wa jua kali ni kulipa ada ili kuangalia vichaka.

Watakaowahi wana mengi ya kuona. Kaskazini mwa Kenya kuna wanyama watano ambao watalii huja kuwatafuta hasa. Twiga wa huku ana madoa yaliyochorwa kama wavu. Choroa ana pembe ndefu zilizonyooka. Swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya juu, na anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji. Mbuni wa Kisomali ana shingo na mapaja ya rangi ya buluu iliyofifia. Wa tano ni punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba na masikio ya mviringo. Jina hilo ni la Jules Grévy, rais wa Ufaransa wa karne ya 19, aliyepelekewa mnyama huyo kutoka Uhabeshi. Waliobaki duniani ni takriban 3,000, na wengi wao wako kaskazini mwa Kenya. Mtoto wa Isiolo anaweza kuwaona kabla ya chai ya saa nne.

Watoto wakichoka garini, wasimuliwe habari za Kamunyak. Huyu alikuwa simba jike wa upande wa Samburu, aliyejulikana dunia nzima mwaka 2002 kwa kumlea ndama wa choroa badala ya kumla. Alitembea naye siku kadhaa, huku yeye mwenyewe akidhoofika kwa njaa, hadi simba mwingine akamuua ndama. Baadaye aliwachukua wengine.

Chemchemi zilizoipa mbuga jina zina maji maangavu, na hapo pana bwawa lililojengewa ukuta. Inasimuliwa kwamba shimo lake lilichimbwa na bomu la ndege ya Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtu asiingie majini kabla ya kumuuliza askari wa wanyamapori.

Mto wenyewe ni habari nyingine kabisa. Ewaso Nyiro una mamba, na hakuna mtoto wa kushuka ukingoni hata kunawa mikono. Isitoshe, maji yake hutoka mbali, milima ya Kenya na Aberdare. Mvua ikinyesha huko juu usiku, mto unaweza kufurika asubuhi chini ya anga safi ya Isiolo. Machi 2010 mafuriko ya ghafla yalizifagia kambi na hoteli za ukingoni. Desemba mara nyingi bado ina mabaki ya mvua za vuli, na njia za ndani zenye udongo mweusi hunasa hata gari kubwa. Kwa hiyo askari wa langoni aulizwe mambo mawili kabla ya injini kuwashwa tena: hali ya mto, na njia zipi zinapitika. Aulizwe pia kuhusu usalama wa siku hiyo, na jibu lake lifuatwe hata likiwa la kurudi nyumbani.

Shaba, upande wa mashariki wa barabara kuu, ni nzuri na ina utulivu, lakini ni nchi ya mawe na inataka gari lenye nguvu. Familia inayoingia mbugani kwa mara ya kwanza ianzie Buffalo Springs.

Chakula kitoke nyumbani. Nyirinyiri, anjera, viazi vya kuchemsha, chai na maziwa ya ngamia kwenye chupa ya kuhifadhi joto vinatosha kabisa. Maji yawe mengi na yabebwe kwenye jerikani, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi. Mlo uliwe mahali palipotengwa, vyombo vikifunikwa. Tumbili wa huko wameshawazoea watu, na mkate ulioachwa kwenye kiti karibu na dirisha wazi si mkate wa familia tena. Wasilishwe chochote hata wakipendeza, maana tumbili aliyezoea kupewa huuma anaponyimwa.

Saa kumi jioni joto likipungua wanyama hutoka tena, na ndipo watoto husema bado kidogo. Dereva apewe ruhusa ya kukataa. Lango hufungwa jioni, na gari linalokimbizana na muda kwenye njia ya vumbi humgonga mnyama au huanguka. Saa kumi na moja likiwa limeelekea nje, litaingia barabara kuu kukiwa bado kuna mwanga. Hapo mwendo uwe wa polepole hadi mjini, kwa kuwa huo ndio wakati ngamia na mbuzi wanavuka lami kurudi bomani, na ngamia hakimbii honi.