Rangi ya Bonane na nywele zako

Hapa Uvira, Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, zikikaribia, wengi huingia saluni na picha kwenye simu: "Dada, nataka hivi." Mara nyingi kilicho kwenye picha ile ni wigi, tena chini ya taa za studio.

Nywele nyeusi hazigeuki dhahabu kwa rangi peke yake. Kwanza hupaushwa kwa dawa kali, na mara nyingi hutoka na rangi ya chungwa. Kama ulizilainisha kwa dawa, kuzipausha kunaweza kuzikata; hata kwa rangi ya kawaida subiri angalau wiki mbili, na zikiwa zimechoka, acha kabisa. Kahawia iliyokolea au nyekundu ya divai hushika bila taabu nyingi. Kwa maoni yetu, meshi za kusukia zenye rangi ndizo akili: sikukuu ikiisha unafumua, nywele zako zipo.

Ukiamua kupaka rangi, ulizia na maji. Ndoo zijae kabla dawa haijagusa kichwa, maana bomba likikauka katikati, ngozi ndiyo itakayolipa. Na siku mbili kabla, jaribu rangi kidogo nyuma ya sikio. Pakiwasha au pakivimba, usipake.