Shutuma ya Uvivu na Ufukara wa Pwani ya Kenya



Nimepewa fursa ya kusema juu ya dhana walizo nazo watu kuhusu ufukara na asili yake, na kwa kuwa bahari hii ni pana, nimeona niishike dhana moja tu, ambayo kila aliyepata kukaa Mombasa, Kilifi au Kwale ameisikia barazani, afisini na hata katika hotuba za wakubwa: kwamba mtu wa Pwani ni maskini kwa sababu ni mvivu. Siikubali dhana hiyo, na nitaeleza kwa nini.

Wazee wetu hawakuwa na kauli moja juu ya jambo hili. Walisema kuwa ajizi ni nyumba ya njaa, na wao hao wakasema kuwa kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga. Na aghalabu aliyeshiba huitumia methali ya kwanza kumhukumu jirani yake, na ile ya pili haikumbuki mpaka siku biashara yake mwenyewe itakapoanguka. Wako pia wasemao kuwa ufukara ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu na hapana la kuuliza. Hao nawajibu kwa ufupi kwamba dini hiyo hiyo wanayoitolea hoja imeamrisha zaka, na katika mafungu manane ya wanaostahiki imewatanguliza mafukara na maskini; basi majaaliwa hayamwondolei mwenye mali wajibu wake, wala hayamzuii mwenye akili kutafuta sababu.

Shutuma ya uvivu ina tarehe yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wagiriama, mojawapo ya makabila ya Mijikenda, walikuwa wakilima nafaka katika ardhi yenye rutuba kaskazini ya mto Sabaki, wakavuna hata ikapatikana ziada ya kuwauzia wafanyabiashara wa pwani. Serikali ya Kiingereza ilikuwa inataka vibarua wa mashamba makubwa na wa kazi za Mombasa, na watu hawa, kwa kuwa walikuwa na chakula chao na fedha zao, hawakuona sababu ya kuyaacha makonde yao wakatumikie ujira mdogo. Hapo ndipo walipoanza kuandikwa katika taarifa za maafisa kuwa ni wavivu. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, akasimama mwaka 1913 kuwaapisha watu wasitoe vijana wao kwa kazi hiyo. Na mwaka 1914, baada ya Kaya Fungo, makao yao matakatifu, kuripuliwa kwa baruti, nyumba zikachomwa, watu wakahamishwa kwa nguvu kutoka ng'ambo ile ya Sabaki, na wakatozwa faini ya rupia 100,000. Kwa hiyo waliofukuzwa katika ardhi iliyokuwa ikiwashibisha ndio walioachiwa sifa ya kutopenda kazi, na sifa hiyo imewadumu kuliko faini.

Lakini zito zaidi kuliko vita lilikuwa karatasi. Katika ule ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na ambao Waingereza walikuwa wakiutawala kwa mapatano ya mwaka 1895, ilitolewa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi alete dai lake na ithibati yake, na ambayo chini yake ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa mali ya Serikali. Aliyejua kuandika, aliyekuwa na wakili na aliyekuwa karibu na mahakama alipata hati. Ama Mmijikenda aliyelima kwa haki ya ukoo wake, na mtumwa aliyeachwa huru kwa sheria ya mwaka 1907 bila ya kupewa hata kipande cha shamba, hao waliamka siku moja wakajikuta wageni mahali walipozikwa wazee wao. Uhuru ulipokaribia, mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Kenya na Zanzibar yaliahidi kuziheshimu hati zilizokwisha kuandikishwa, na maskwota, yaani wakaao katika ardhi wasiyo na hati yake, wakabaki maskwota chini ya bendera mpya.

Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa maana hapa ndipo shutuma inapovunjika. Katika ada ya pwani mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine, na kwa sababu hiyo mwenye hati aliogopa kuwa skwota akipanda mnazi, mkorosho au mwembe atakuwa amejipatia dai. Basi akamruhusu kupanda mahindi na muhogo, na miti ya kudumu akamkataza. Apita mgeni leo, aona shamba halina mikorosho wala minazi michanga, asema, "Hawa hawapendi kujishughulisha." Hakuuliza ni nani aliyekataza. Kadhalika katika mitaa ya Majengo, Mombasa, mtu hujenga nyumba kwa jasho la miaka mingi juu ya kiwanja cha mwengine, akalipa kodi ya ardhi kila mwezi, na benki haiwezi kuipokea nyumba ile kuwa rahani kwa kuwa hana hati. Mtu asiye na dhamana hapati mkopo, na asiye na mkopo hufanya biashara ya mkononi mpaka uzee.

Juu ya hayo, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianguka mwishoni mwa miaka ya 1980, na cha korosho cha Kilifi kikafungwa katika miaka ya 1990, na maelfu ya wakulima wakawa na mazao yasiyo na mnunuzi wa kutegemewa. Hapana mvivu aliyekifunga kiwanda hata kimoja.

Sisemi kwamba wavivu hawapo. Wapo kila mahali, na wengine wana majumba ya kurithi na hapana awashutumuye. Nisemalo ni kwamba mwanamke anayeamka alfajiri kushona makuti, na kijana anayekata mawe machimboni chini ya jua la adhuhuri, hawawezi kuelezwa kwa neno hilo. Na lililo baya kupita yote ni kwamba wengi wao wamelisikia hata wameliamini, wakaona haya kudai haki, kwa kudhani kuwa kasoro ni yao.

Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria, na Katiba ya mwaka 2010 imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kale. Basi nawaomba waalimu, wahubiri, waandishi na wajumbe wa mabunge ya kaunti mliohudhuria: mtakaporejea kwenu, kusanyeni kumbukumbu za wazee kuhusu mashamba na mipaka kabla hawajaondoka, zipelekeni zinakohitajika, na yeyote atakayesema mbele yenu kuwa watu wa Pwani ni maskini kwa uvivu, mtakeni kwanza aeleze ardhi wanayoilima ni ya nani, na ameipataje.