Kelele na Akili ya Mwanafunzi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi)



Wazazi wengi hulalamika ya kwamba watoto wao hawashiki masomo, nao huwaita wavivu. Lakini kabla ya kumlaumu mtoto yatupasa kuitazama nyumba anamosomea.

Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walitangaza uchunguzi wao juu ya shule moja ya msingi mjini New York. Upande mmoja wa shule hiyo ulielekea reli, na garimoshi lilipopita mwalimu hakusikika. Watoto wa upande ule walibaki nyuma ya wenzao wa upande wa pili katika kusoma, kwa miezi 3 hadi mwaka mzima. Baadaye ikatiwa mipira kwenye reli, na madarasa yakawekewa dari za kupunguza sauti. Uchunguzi wa pili, wa mwaka 1981, ulionyesha ya kwamba tofauti ile imetoweka. Basi kosa halikuwa la watoto.

Huenda mtu akasema, "Nyumba yangu haiko karibu na reli." Naam, lakini redio na televisheni zimo ndani. Wataalamu wamethibitisha ya kwamba maneno yasemwayo kando humvuruga mtu anayehifadhi mambo kwa mpangilio, hata akiazimia kutoyasikiliza, na hata yakiwa ya lugha asiyoielewa. Jicho laweza kufumbwa, bali sikio halina mlango.

Ndugu zangu, nakiri mbele yenu. Nilipata kumkaripia mwanangu kwa kushindwa kukariri hesabu za kuzidisha, hali mimi nimeketi chumba kile kile nikisikiliza taarifa ya habari kwa sauti kubwa. Nilipotambua kosa langu nilimtaka radhi.

Humu msikitini hatukubali mtu apige soga wenzake wanaposali, kwani twajua ya kwamba huwaondolea utulivu. Mbona nyumbani tunamnyima mtoto heshima hiyo? Baina ya Magharibi na Isha, baada ya sala, tuzime redio na televisheni, simu zinyamazishwe, na mazungumzo yetu wakubwa tuyapeleke uani. Jambo hili halihitaji fedha. Lahitaji baba na mama wakubali kunyamaza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa msaada kwa watoto wetu, wala tusiwe kizuizi chao. Amin.