Kikombe na Chandarua

Msikilizaji wa Miembeni, dawa za kurefusha maisha haziishi: unga, mafuta, maji ya mizizi. Ushahidi wake? "Fulani alipona." Kwa ushuhuda kama huo, mwaka 2011 maelfu walifuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 kule Samunge, Loliondo.

Hapa jirani, Muleba, watafiti hawakutegemea ushuhuda; walipima vyandarua vya kukinga malaria. Maeneo 48 yalipangwa kwa kura: mengine vyandarua vya kawaida, mengine vyenye PBO, kemikali inayodhoofisha usugu wa mbu dhidi ya dawa ya chandarua. Baada ya miezi 9, watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 42 kwa vya kawaida, 29 kwa vyenye PBO. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza.

Muuzaji akikutajia aliyepona, muulize: wasiotumia, wangapi walipona?