Kalenga Tunapita Tu

Ndugu msikilizaji, kamwene! Kwa asiyejua, hiyo ni salamu ya Wahehe, na nimeanza nayo kwa sababu mazungumzo yetu ya leo yanatoka Iringa.

Juma lililopita nilikuwa Idodi kwa rafiki zangu wawili. Mmoja ni mkulima wa mpunga, mwingine ni mwalimu mstaafu ambaye zamani alibahatika kufika Roma. Jioni mwalimu akatusimulia habari za Colosseum, jengo lenye umri wa miaka ipatayo 2,000, na jinsi yeye na wenzake walivyozunguka mji ule kutwa nzima hadi nyayo zikawaka moto. Alipomaliza, mkulima akamwuliza, "Na Kalenga je, Mwalimu, umewahi kuingia?"

Mwalimu akacheka. "Kalenga napita tu, Mnyalukolo. Na wewe?"

Mkulima akakiri kwamba miaka yote anapeleka mchele mjini, basi linapita pale pale, naye hajashuka hata siku moja. Tukaafikiana kesho yake tushuke wote watatu.

Barabara ya kutoka Iringa mjini kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha hupita Kalenga kabla ya kufika Idodi. Magari ya watalii huikimbia yakiwahi tembo. Lakini Kalenga ndiyo iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, na makumbusho yake, ingawa ni madogo, yamebeba jambo zito.

Agosti 17, 1891, huko Lugalo, wapiganaji wa Kihehe walilishinda jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewski. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaivunja Kalenga. Wenyeji husimulia kuwa jina la Tosamaganga, kilima cha jirani, maana yake ni kurusha mawe, kwa sababu ya mabomu yaliyotupwa kutoka kule. Mkwawa aliendelea kupigana porini karibu miaka minne. Julai 1898, alipoona wamemkaribia, alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu hilo lirudishwe. Halikurudi hadi mwaka 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Ndilo fuvu tulilosimama mbele yake, limo ndani ya kioo.

Mkulima alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe mzee alirudi nyumbani kabla sijazaliwa, nami nampita na magunia yangu bila hata kupiga hodi."

Tukaendelea hadi mjini. Tuliingia katika Boma la zamani la Mjerumani, ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho, kisha jioni tukapanda jiwe la Gangilonga, yaani jiwe linaloongea. Kutoka juu, mji wote ulikuwa chini yetu. Mwalimu akatukumbusha kwamba jina Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Tunalitaja jina hilo kila siku pale stendi, na hatuulizi ngome ipi.

Ndugu msikilizaji, sisemi watu wasiende Roma. Anayepata nafasi na aende, akaone. Ninalosema ni kwamba tumezoea kudhani mambo ya kale ni ya kutazamwa na wageni, na kazi yetu sisi ni kuwaonyesha njia. Mahali pasipotembelewa na wenyewe hupoteza msimulizi kwanza. Mawe hufuata baadaye. Wazee wanaoijua Kalenga kwa masimulizi ya babu zao wanapungua kila mwaka, na mtoto anayepita pale ndani ya basi hawezi kuyarithi masimulizi hayo dirishani.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Safari ijayo ukipita Kalenga, au penginepo karibu na kwako ambapo umezoea kupita tu, mwambie kondakta, "Shusha!" Na mtoto umshike mkono.

Nakutakia juma jema.