Kichocho: Tusimlaumu Mtoto Aogeleaye Lamboni



Nimeombwa niseme machache juu ya hatari ya kuogelea katika mabwawa na malambo. Hapa Zagayu, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Usukuma, jambo hili si la vitabuni tu. Mvua zikiisha, mito mingi hukauka, na maji yanayobaki ni ya malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga. Hapo ng'ombe hunywa, hapo kina mama hufua, na hapo hapo mtoto aliyechomwa na jua hujitupa aogelee. Desturi yetu sisi wakubwa ni kumkaripia. Nami nasema kwamba karipio hilo, ingawa lina nia njema, halitamkinga mtoto na kichocho maadamu hatujaondoa chanzo cha ugonjwa, nacho ni mkojo wa binadamu unaofika majini.

Ugonjwa huu si mgeni kwa wataalamu. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alimtambua mnyoo wake mjini Cairo mwaka 1851. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper akaonyesha, huko huko Misri, kwamba mnyoo huyo hawezi kumwingia mtu pasipo kupitia kwanza kwa konokono wa majini. Hapa kwetu wapo wa aina mbili. Kandokando ya Ziwa Victoria umeenea zaidi kichocho cha tumbo. Huku bara, mbali na ziwa, kimeenea kichocho cha mkojo, na hicho ndicho ninachokizungumzia leo.

Mzunguko wake ni huu. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya mnyoo hupasuka na kutoa kijidudu kinachomtafuta konokono. Ndani ya konokono kijidudu hicho huongezeka kwa majuma kadhaa, kisha hutoka maelfu ya vijidudu vyenye mkia wa panda, visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi, hata ngozi isiyo na jeraha, kwa muda wa dakika chache tu. Mwilini hukua, dume na jike wakashikamana katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu, na jike hutaga mayai kwa miaka mitatu hadi kumi, pengine zaidi. Mayai mengine hutoka na mkojo pamoja na damu. Mengine hunasa mwilini, na hayo ndiyo yaletayo madhara: upungufu wa damu, uharibifu wa figo na hata saratani ya kibofu. Kwa wanawake hujeruhi via vya uzazi, na majeraha hayo yanahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi.

Sasa naomba, ndugu walimu, mwangalie saa. Mkojo wa mgonjwa huwa na mayai mengi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Konokono naye huachia vijidudu vingi wakati wa mwanga na joto, karibu na adhuhuri. Na ni saa ngapi watoto hukimbilia lamboni? Ni saa hizo hizo. Kwa hiyo mtoto aogeleaye adhuhuri huokota ugonjwa na kuupanda kwa wakati mmoja. Hafanyi hivyo kwa ukaidi. Jua ni kali, ng'ombe wanahitaji maji, na hakuna mahali pengine pa kuogea tulipomwonyesha.

Wapo wanaodhani kwamba lambo likikauka ugonjwa nao umekwisha. Sivyo. Konokono wa madimbwi yetu ana uwezo wa kujificha katika udongo mkavu hata mvua zirudi. Wapo pia wanaodhani kwamba kujifuta haraka kwa taulo kunatosha. Hiyo nayo si kinga ya kutegemewa. Bali maji yaliyochotwa bila konokono na kuwekwa katika chombo kwa siku mbili huwa salama kwa kuoga, kwa sababu vijidudu hivyo hufa visipompata mtu.

Tusidhani kwamba hili ni balaa la Mwafrika peke yake. Mwaka 2013, katika mto Cavu wa kisiwa cha Corsica, Ufaransa, watu walioogelea wakati wa kiangazi walipatwa na kichocho cha mkojo, na miongoni mwao walikuwamo ambao hawakupata kukanyaga nchi yenye ugonjwa huo. Uchunguzi ulionyesha kwamba asili ya vimelea hivyo ni Senegal. Maana yake ni kwamba mgonjwa alikuwa ameukojolea mto huo. Konokono walikuwapo siku zote; kilichokosekana ni mkojo wenye mayai.

Je, dawa haitoshi? Dawa ya prazikwanteli, ambayo watoto wetu hupewa shuleni kwa kupimwa kimo, ni dawa njema, nasi hatuna budi kuhakikisha kwamba kila mtoto ameila baada ya kupata chakula. Lakini dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa. Haiui vizuri minyoo michanga, wala haizuii maambukizo mapya. Mtoto aliyemeza vidonge Jumatatu na kurudi lamboni Jumamosi anaweza kuanza safari ile ile upya.

Nchi yetu imepata kulifanya jambo hili kwa upana. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Kichocho kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyofundishwa. Karibu zaidi na sasa, Unguja na Pemba, kati ya mwaka 2011 na 2017, wananchi waligawiwa dawa mara mbili kwa mwaka, konokono wakauawa katika baadhi ya maeneo, na mahali pengine walimu wakafunzwa, vikajengwa vyoo vya kukojolea na majukwaa ya kufulia. Ugonjwa ulipungua sana, ingawa haukung'oka. Funzo ni kwamba kazi hii haina njia moja ya mkato.

Basi yatupasa tufanye nini? Kwanza, mwalimu ahakikishe kwamba kila mwanafunzi anapitia chooni kabla ya mapumziko ya mchana na kabla ya kwenda nyumbani, ili mkojo wa saa hizo za hatari uishie shimoni. Pili, choo hicho kiwepo, kiwe safi, na kiwe na faragha kwa wasichana; amri bila choo ni maneno matupu. Tatu, watumishi wa maji, mifugo na kilimo wasihesabu lambo kuwa limekamilika pasipo choo karibu na wachungaji, mahali pa kuchotea pasipolazimu mtu kuingia majini, na mahali pa kufulia nchi kavu. Nne, mtoto anayekojoa damu asichekwe wala asiambiwe kwamba anakua; apelekwe zahanati.

Malambo yalichimbwa kwa nia ya kuokoa mifugo na watu, na bado tunayahitaji. Ila wachimbaji walihesabu ng'ombe, wakamsahau konokono. Kosa hilo halirekebishwi kwa fimbo juu ya mgongo wa mtoto. Linarekebishwa na sisi tuliopewa dhamana ya shule, ya maji na ya afya. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nasi tumekwisha kuyavulia nguo; yaliyobaki ni kazi.